Sanduku la Chanjo la Mulenda

Mulenda wa Uvira hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mwoga, na msimcheke. Mwaka 1999 kazi yake ilikuwa kwenda Lilongwe na sanduku la barafu, kuchukua chanjo ya surua na kuileta Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye zahanati ndogo ya Mama Gloriose, muuguzi Mrundi.

Jumatatu moja, akiwa njiani kurudi na chanjo, polisi walisimamisha minibasi. Mulenda kuona bunduki tu, akili ikaruka mpaka Uvira, kule wanaume walikoshushwa garini wasirudi. Akajikuta amelala kifudifudi kwenye mahindi. Polisi wakafungua sanduku, wakachungulia, wakaliacha wazi kando ya barabara. Saa mbili nzima lilikaa juani, naye anatazama tu! Alipothubutu kutoka, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Akafika, akapanga chupa kwenye friji, akanyamaza. Nani angejua? Chupa ni zile zile.

Asubuhi akina mama walijipanga nje, Spès mbele na mtoto mgongoni. Ndani, kama kila siku kabla ya kufungua mlango, Mama Gloriose aliwauliza wafanyakazi wake nani ameharibu nini jana, akaanza na lake.

"Mi nilimfokea mgonjwa bure. Nimemwomba samahani. Nani mwingine?"

Katika hospitali Mulenda aliyofanyia kazi kwao, aliyekiri kosa alipigwa mbele ya wote, akafukuzwa. Naye akifukuzwa, watoto wanne watakula nini? Nje, mtoto wa Spès akacheka.

"Chanjo imeharibika, Mama. Ni mi. Niliona basoda na bunduki zao barabarani, nikakimbia."

Akafumba macho, akingoja kofi.

"Aka, Mulenda! Ulilala mu mahindi peke yako?"

Gloriose akaziondoa chupa zote, akatoka kuwaambia akina mama warudi Alhamisi. Walimtukana weee. Jina la Mulenda hakulitaja. Aliporudi, akamkabidhi sanduku lile lile.

"Mama, nakuomba, nipe hata kufagia!"

"Kesho ni we njo utalibeba. Mi nitakaa pembeni yako garini."

Kesho yake, wakirudi kutoka Lilongwe, polisi walikuwa pale pale, na bunduki zao. Jasho lilimtoka Mulenda mpaka kwenye nyayo. Gloriose alimshika mkono. Polisi akafungua sanduku, akauliza lina nini.

"Chanjo ya watoto," Mulenda akajibu kwa Kichewa chake cha kuombea maji. "Funga haraka, bwana. Barafu inayeyuka."

Na mwenye bunduki akafunga.