Diski Iliyotaka Kuanza

Usiponiamini, nenda mtaa wa Beu kule Beni ukamuulize Mama Masika. Mimi si mtu wa kuona mizimu. Nilisomea kompyuta Kampala, nikarudi Butembo na diploma yangu na boksi la bisibisi, nikafungua atelier, karakana yangu mwenyewe, bila mkono wa mjomba yeyote. Leo, toka Kasindi hadi Kanyabayonga, mashine ikikataa kuwaka ninatafutwa mimi. Basi nisikilize kama mtu anayejua kazi yake.

Mama Masika alikuwa mjane mwenye mimba kubwa. Mumewe alimwachia kompyuta ya mezani, lakini tangu mazishi ilikuwa ikiishia kwenye skrini nyeusi. Alitaka kuchapia watu kazi zao ili amlishe mtoto. Ila kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaondolewe, na wakwe zake walikuwa hawajaketi kuyaondoa. Kwa hiyo mchana mmoja aliniingiza kimya kimya katika chumba cha nyuma, akafunga kwa ufunguo kutoka nje, akaketi barazani kuchambua maharagwe na kuangalia asije mtu.

Niliipima diski, haikusomeka. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: unaingia kwenye mipangilio, unaiambia mashine ianze na clé USB, yaani flashi, badala ya diski, halafu unafuta diski yote na kuweka mfumo mpya. Clé nilishaitanguliza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

"Ingénieur, ngoja kwanza."

Mwanamume mwembamba alikuwa ameketi kitandani nyuma yangu, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile la Beni. Nilidhani ni shemeji yake Mama Masika aliyejificha humo ili atuletee fujo. Nikamwambia mwenye nyumba ndiye aliyeniita. Hakugomba.

"Rudisha disque mbele. Iko muzima."

Nikamweleza nimesoma wapi, na kwamba diski ile imekufa. Akacheka kidogo.

"Diplôme yako ni ya muzuri. Lakini mule niliachiaka mutoto sauti yangu. Hatanijua na kitu ingine."

Je, wewe ungeelewa? Mimi nilisikia ubishi tu. Nikawasha upya, nikairudisha diski nafasi ya kwanza, ili aone mwenyewe kwamba haiamki.

Iliamka. Picha ya harusi ikajaza skrini: Mama Masika katika gauni jeupe, na kando yake mtu yule yule. Nikageuka. Shuka la kitanda halikuwa na hata kunjo.

Nikagonga mlango. Mama Masika akafungua; nikamwambia niliyemwona na alichosema, akaapa hakuna aliyepita. Tulitafuta, tukaipata sauti: mwanamume anamsalimu kwa Kinande mtoto ambaye hajazaliwa, kisha anacheka. Mama Masika alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea ukuta.

"Alikuwa anasikia baridi?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya sweta.

"Njo yeye, bwana yangu. Baridi haikumuachaka," akasema, akalia.

Niliinakili sauti ile siku hiyo hiyo. Diski yenyewe haikuamka tena, na nimeijaribu kwa kila ujuzi nilio nao. Mtoto sasa anatembea. Wakimwekea sauti ile, anaijibu. Mimi bado ni fundi wa kwanza mjini, lakini kabla ya kuitanguliza clé nauliza mashine ni ya nani, na kama matanga yameondolewa.

Nawe uliye na mashine ya marehemu nyumbani, usikubali ifutwe haraka. Diski ijaribiwe tena, na tena. Ikishafutwa, hakuna wa kukurudishia, hata mimi.