Vijitumbo Nilivyovilea Maabara

Naona aibu, lakini acha niwaambie. Nafanya kazi maabara hapa Tabora. Tunachukua kinyama kidogo cha utumbo wa mtu, tunakiotesha hadi kiwe vijitumbo vya duara, kisha tunachunguza kwa nini ukuta wa utumbo unapitisha vijidudu. Bosi alinikabidhi vya Kulwa, mtoto wa Ntalikwa anayeharisha kila mara. Wiki nzima nikavilisha, nikavipiga picha, nikatangaza kwamba vimenona.

Jana mama yake Kulwa akaja kuviona. Nikamwamkia, nikamkalisha kwenye darubini mbele ya bosi, nikaanza kujitapa.

"Unaviona vile vya duara, mama? Ndio utumbo wa mwanao. Ukuta wake imara kabisa."

Akachungulia kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema kwa upole, "mbona kama mapovu?"

Nikacheka. "Hapo panahitaji jicho la mtaalamu, mama."

Bosi akainama, akatazama, akachukua sindano na kukigusa kimoja. Kikapasuka, hakikubaki kitu.

"Mama yuko sahihi," akasema. "Sasa wewe mtaalamu, vijitumbo vyenyewe ulivimwaga lini?"