Kamera ya gizani ilinionyesha kitambaa cheupe, nikamtaja mama asiye na kosa

(Msichana aliyetuandikia ametuomba tusitoe jina lake. Tumebaki nalo sisi. Maneno yaliyobaki ni yake.)

Hili sijamwambia mtu, hata padri sijamwambia. Kuna mwanamke amefungwa kwa sababu ya neno langu, na mimi najua kwamba hakuiba.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu. Nilikulia Kigoma, tukarudi Rwanda na mama, na sasa naishi hapa Gisenyi kwa dada yake, mama mkubwa, pamoja na mume wake ninayemwita baba mkubwa. Mimi ni mtu wa aibu. Nikiulizwa kitu mbele ya watu natazama miguu yangu.

Baba mkubwa anauza vitenge. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, ua ni mmoja. Usalama ulipokuwa mbaya aliagiza kamera kutoka Dubai, zile zinazoona gizani. Mbili zipo dukani, moja uani, na zote zimeunganishwa kwa nyaya hadi sebuleni, kwenye televisheni na mashine inayorekodi kaseti. Jirani yetu anayeuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, alikuja kuziona, akacheka: "Patron, sasa hata panya ya kwako itapigwa foto."

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa, nami nilikisoma shuleni, kwa hiyo kazi ya kutazama kaseti kila asubuhi nikapewa mimi. Nilijivuna kimoyomoyo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kunihitaji.

Mwezi uliopita robota moja la vitenge lilipotea usiku. Hakuna kufuli lililovunjwa. Kwenye kaseti tulimwona mwanamke kwa mgongo, amejitanda kitambaa cheupe kuanzia kichwani, analivuta robota kuelekea mlango wa uani. Baba mkubwa akasimamisha picha.

"Bon. We umesoma, tazama muzuri. Ule ni nani?"

Nikautazama ule weupe. Udongo wa hapa ni mweusi, wa volkano, na hakuna mwanamke anayevaa nyeupe kazini. Isipokuwa mmoja. Mama Furaha, mjane anayefagia duka, alikuwa ametoka kumaliza msiba wa mume wake, na wanawake wa kanisani kwake walimchangia kitenge cheupe ili aache nguo nyeusi. Alikivaa karibu kila siku. Ufunguo wa mlango wa uani unaning'inia jikoni, na yeye anapajua.

Nikasema, "Kinafanana na kitenge cha Mama Furaha."

Ni hilo tu nililosema. Polisi walipokuja kumchukua, aliniita kutoka mlangoni. "Mutoto yangu, angalia mi usoni. We uliona sura yangu mule?" Nikatazama miguu yangu. Mama mkubwa alikuwa amesimama karibu nami.

Wiki moja baadaye nilikuwa natazama kaseti nyingine, nikajiona mwenyewe nikianua nguo uani giza likiwa limeshaingia. Nilikuwa nimevaa sweta langu la shule, la bluu nzito. Kwenye televisheni lilikuwa jeupe kama unga. Nikadhani mashine imeharibika. Jioni iliyofuata nikaanika kwenye kamba nguo za rangi mbalimbali, na kati yake kitenge cheusi cha mama mkubwa chenye maua ya bluu. Asubuhi nikatazama. Kile cheusi kimekuwa cheupe, na maua hayaonekani kabisa. Sijui kwa nini kamera hizi zinafanya hivyo, lakini nimejaribu mara tatu na jibu ni lile lile.

Ndipo nikairudia kaseti ya wizi. Kabla ya kulivuta robota, yule mwanamke anasimama, anakunja ngumi ya kushoto na kujisugua kiunoni. Mama mkubwa anafanya hivyo kila akitaka kuinua ndoo. Namwona kila siku. Tena nikakumbuka kwamba mchana wa siku ile kaka yake, mjomba wangu wa Goma, alikuja kuomba msaada na baba mkubwa akamfukuza mbele ya wateja.

Mama mkubwa alinikuta nimeishika ile kaseti.

"Unatafuta nini mu ile kaseti?"

"Naifuta vumbi, mama."

"Acha. Mutu alishapatikana." Kisha akakaa karibu yangu, akanishika mkono. "We si ulitaka kusomea uuguzi? Mi nitaongea na baba yako mukubwa. Tulia tu."

Mama mkubwa ndiye aliyenipokea nikiwa sina hata viatu. Nikisema, baba mkubwa atamfukuza, na mimi nitaondoka naye. Nikinyamaza, mwisho wa mwezi nitaitwa nithibitishe mbele ya wakubwa kwamba ni Mama Furaha. Mtoto wake ana miaka minane. Kila mchana anapita mbele ya duka letu na kisufuria cha viazi, anampelekea mama yake kasho, mahabusu ya hapa. Ananisalimia. Ananiita dada.

Nimefikiria kuifuta kaseti. Nimefikiria kuvuka mpaka na kupotea Goma. Nimefikiria kumwambia mama mkubwa aseme mwenyewe, lakini nikifika mbele yake natazama miguu yangu.

Ninyi mama zangu na dada zangu mnaosoma ukurasa huu, nielekezeni, nianzie wapi na niseme kwa nani kwanza? Na wale mnaokaa hapa mjini, mkilitambua duka, nawaomba msiseme. Nifichieni mpaka nipate nguvu ya kulitamka mimi mwenyewe. Najua ninachoomba. Kila siku mnayonifichia, Mama Furaha analala sakafuni kule kasho. Lakini nifichieni.