Afisa Upelelezi wa Mkonze

Kwa siku tatu sikupata usingizi, nikijiuliza kama mtu mzima anaweza kuomba radhi kwa kosa alilolifanya akiwa darasa la sita, na kama anaweza, aanze kwa nani. Kilichoniamshia swali hilo ni picha aliyonitumia binamu yangu Amosi kwenye simu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa kaunta buku, kingo zake zimeliwa na mende, na katikati yake mwandiko wangu wa utotoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. "Dada, tunauchapa ule mchezo wetu," aliandika. "Vijana wa chuo hapa mjini wanaupenda balaa. Malizia kazi ya Afisa Upelelezi, lile jedwali lako ni dhahabu. Na tafadhali usifikirie sana." Kuniambia mimi nisifikirie sana ni kama kuuambia upepo wa Dodoma usibebe vumbi. Nililikuza lile jedwali kwa vidole viwili, nikashuka mstari kwa mstari hadi nilipoukuta mstari niliokuwa nauogopa. Haukuwa umefutika.

Likizo ile ya Desemba naikumbuka kwa harufu ya vumbi lililonyeshewa kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ya ukavu, ikichanganyika na moshi wa mkaa na wino wa kalamu yangu iliyokuwa ikivuja. Mkonze, mtaa wetu pembezoni mwa Dodoma, wakati huo ilikuwa nyumba moja hapa, nyumba nyingine pale, na katikati mashamba ya mtama na karanga. Amosi alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaja kwetu kusubiri matokeo, na katika begi lake la bweni alileta mchezo alioutunga na wenzake. Kila mchezaji alikuwa mtu wa kubuni aliyeishi katika zama za mbali zijazo, wanadamu wakisafiri kutoka sayari hadi sayari. Amosi alisimulia tunachokutana nacho, sisi tukasema tunafanya nini, na dadu zikaamua kama tumefaulu. Lakini kabla ya kupanda chombo cha anga ilibidi kwanza uwe na maisha nyuma yako. Ulichagua kazi, ukaitumikia kwa mihula, na kila muhula ulirusha dadu mbili na kusoma kwenye jedwali la kazi hiyo kilichokupata: umeumia, umepanda cheo, umejipatia adui. Kazi zilikuwa nne tu: rubani, daktari, mchimba madini na mfanyabiashara. Tulicheza watatu, Amosi, mimi, na Elina wa nyumba ya jirani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Siku moja Elina alilalamika kwamba amechoka kuwa daktari. Amosi akanigeukia. "Rehema, wewe unayewaza mpaka chumvi ya mboga ya jirani, tutungie afisa upelelezi wa jeshi. Jedwali lote, mistari thelathini na sita."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu Elina atamaliza kwa dakika tano, na kila mstari utakuwa harusi."

"Na wewe ukitunga kila mstari ni bomu!" Elina alimjibu, akimrushia ganda la karanga.

Nililichukua jambo lile kama mtihani wa taifa. Rubani ana chombo chake na daktari ana dawa zake, lakini afisa upelelezi ana nini mkononi? Ana habari tu. Akiwa anajua kila kitu mchezo umeharibika, na asipojua kitu hana kazi. Nikaamua kwamba kila siri imgharimu kitu: akiitoa anapanda cheo lakini anampoteza mtu, akiificha anabaki alipo. Niliridhika sana na kanuni hiyo. Shida ilikuwa mistari. Nilibuni wasaliti, ramani zilizoibwa na mitambo iliyozimwa, nikafika wa kumi na tisa na kichwa kikakauka. Kwa siku mbili nilikaa na daftari mapajani nikitafuna mfuniko wa kalamu, kana kwamba jeshi la kweli linasubiri ripoti yangu.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mtaani kwetu kata nilikuwa mimi. Nilitumwa kila mahali. Peleka chekeche hili kwa Mama Elina, kaniombee limau, kamwambie fulani mama anamsalimu. Unapiga hodi, unasema shikamoo, unasimama mlangoni kusubiri ulichotumwa, na watu wazima wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba aliyesimama pale ni ufagio. Nilijua nani alihama nyumba bila kumuaga mwenye nyumba, na nani alikula nyama Ijumaa Kuu. Nikaanza kuwachukua watu wa Mkonze, nikawavika mavazi ya anga na kuwapandisha kwenye jedwali. Kazi ikaenda kama maji.

Mmoja wao alikuwa Mama Elina. Alikuwa mhudumu wa wodi, na siku nilipotumwa jikoni kwetu kuchukua ungo nilimsikia akimnong'oneza mama yangu kwamba amepata nafasi ya kusomea uuguzi mkoa wa mbali. Mumewe alikuwa amekwisha kusema mke akienda chuo harudi. Basi angemwambia siku za mwisho kabisa, akiwa na mdogo wake wa kumsindikiza, na barua ya chuo ikae kwetu hadi siku hiyo. Mama aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaizamisha ndani ya kopo la sukari. Nami nikaandika: "Tano-tatu. Daktari wa kituo chenu amepata nafasi ya chuo katika sayari ya mbali. Mumewe hajui. Barua imefichwa kwa jirani, ndani ya kopo la sukari. Ukitoa taarifa, unapanda cheo." Ningeweza kuandika kasha la chuma, au pango mwezini. Niliacha kopo la sukari kwa sababu nililiona limependeza kuliko kitu chochote nilichowahi kutunga.

Elina ndiye aliyeijaribu kazi ile mpya, na katika muhula wake wa pili dadu zikasimama tano na tatu. Hakuwahi kuambiwa habari za barua. Kwake ulikuwa mstari tu. Alisoma kwa sauti, akapiga kofi, akamsaliti yule daktari papo hapo na kupanda cheo kuwa kapteni. Mimi nilicheka naye. Kesho yake mchana, tukiwa tunaanua nguo, aliniambia: "Jana nilimsimulia baba nilivyopanda cheo. Alicheka! Halafu akaniuliza jedwali lile katunga nani, nikakutaja wewe, kisha akauliza huyo jirani ni wa sayari gani."

Nguo zilinidondoka. Niliingia ndani nikamkuta mama anachambua mlenda, nikasimama mbele yake. Nikimwambia, atajua nasikiliza watu wazima. Nisipomwambia, huenda Baba Elina hakuelewa, na nitakuwa nimejichongea bure. Lakini kama ameelewa, na kama mama hajaihamisha barua, na kama atakuja leo... Nilikuwa bado kwenye "kama" ya tatu iliposikika hodi.

Baba Elina alikuwa fundi seremala, mtu mpole wa sauti ndogo. Alikaa, akauliza habari za nyumbani, akasema amekuja kunywa chai ya Mama Rehema maana inasifiwa.

"Chai, na jua lote hili?" mama alicheka, akamimina kutoka kwenye chupa.

Alionja. "Haina sukari."

"Imekwisha tangu asubuhi, Baba Elina. Utanisamehe."

"Na kopo lile kabatini?"

"Nimetilia chumvi."

"Basi leo nitainywa ya chumvi." Akanigeukia mimi akitabasamu. "Rehema, mwanangu, hebu niletee lile kopo."

Katika malezi yetu mtoto akitumwa na mkubwa huenda kwanza, maswali baadaye. Kwa mama, kunizuia kungekuwa kukiri. Alinitazama tu. Nikafikiri: nilidondoshe, niseme mfuniko umekwama, nikimbie nalo hadi barabarani. Yote yalikuwa mawazo mazuri na yote yalihitaji muda, na wakati nayapima miguu ilikwisha kufika kabatini na kurudi. Nilimpa kopo kwa mikono miwili, nikipiga goti kidogo, kama nilivyofundishwa. "Asante, mwanangu," alisema. "Una adabu." Akafungua, akachomoa ule mfuko wa nailoni, akaupuliza sukari itoke, akautia mfuko wa shati. Kisha akainywa chai yake bila sukari mpaka tone la mwisho, akaaga.

Mama Elina hakwenda chuo. Mumewe hakumweleza alivyojua. Alimwambia tu kwamba barua ameikuta kwa rafiki yake. Jioni hiyo Mama Elina alisimama nje ya uzio wetu, hakupiga hodi, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akageuka. Mama yangu naye aliamini mwenzake ndiye aliyejiponza kwa mdomo wake, kisha mwenzake huyo akamtupia yeye lawama. Aliniuliza mara moja tu: "Wewe hukumwambia mtu?" Nikajibu, "Hapana, mama." Na ni kweli sikumwambia mtu, niliandika. Sentensi hiyo nimeing'arisha kwa miaka kumi na miwili. Mwaka uliofuata akina Elina wakahamia Mvumi. Baba Elina alipofariki, mama yangu alikwenda msibani, akakaa mkeka wa nyuma, na wale wanawake wawili waliokuwa wakitumiana chekeche wakapeana mikono kama maofisa wa wizara mbili tofauti.

Mkonze ya leo ina mageti na nyumba za vigae, na ndege za uwanja mpya wa Msalato zimekuwa mazungumzo ya kawaida. Watoto hawatumwi tena mlango kwa mlango. Mama mwenye shida ya limau anapiga simu. Mimi nina shahada na bahasha ya nakala za vyeti, nasubiri kuitwa kwenye usaili, na kila jambo nalipima mpaka linaoza. Zamani nilidhani nilikosea kwa kuwa mtoto. Mtoto alikosea kwa siku moja. Mimi niliyekua nimeendelea kukosea kila siku iliyofuata, nikiita kunyamaza kwangu busara. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, na methali ile ikanifaa kama blanketi.

Asubuhi ya nne nilimwandikia Amosi kwamba mstari wa tano-tatu hautachapwa, atasubiri mwingine. Kisha nikamfuata mama aliyekuwa anakunja nguo, nikamwambia yote bila kukaa. Alikunja shuka alilokuwa nalo mkononi, akaliweka kando. "Kwa hiyo miaka yote hii nimemnunia mtu bure," alisema. "Na yeye kaninunia bure." Nikasema labda nimpigie simu kwanza, nimwandae. "Usipige simu," mama alisema. "Nenda."

Nilifika Mvumi mchana. Mama Elina alikuwa uani anabambua karanga, mgongo umeanza kupinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama. "Wewe ni yule Rehema." Hakunikaribisha kiti.

Nilikuwa nimeandaa mianzo saba ya maneno. Sikutumia hata mmoja. "Mama yangu hakukusaliti," nilisema. "Ni mimi. Niliiandika siri yako kwenye mchezo wa watoto, Elina akaisoma bila kujua, akaisimulia nyumbani. Na Baba Elina alipokuja, kopo nililileta mimi."

Mikono yake ilisimama. Akatazama karanga, akanitazama mimi, akasogeza ungo pembeni kwa mguu.

"Kaa chini," alisema. "Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Nikakaa, nikaanza.