Nilimwambia binti wa shangazi zile herufi hazina maana

Admin, naomba usiweke jina langu wala mtaa wetu, huku Kilwa tunajuana. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana na niko nyumbani kwa baba. Mimi si mtu wa kuongea. Hata haya nimeandika na kufuta mara nyingi.

Mdogo wangu Sadi ana miaka sita na anaumwa selimundu. Kwa wasioijua, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu zinapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa, mtoto analia mifupa kutwa nzima na macho yanageuka manjano. Siku alipopimwa, mimi na mama tulipimwa pia. Majibu ya Sadi yalikuwa SS, yangu na ya mama AS. Daktari akatueleza, "S moja ameipata kwa mama, nyingine kwa baba. Mwenye AS haumwi, ila anaweza kumrithisha mtoto." Baba aliitwa akapime, akasema hana muda.

Shangazi, dada yake baba, alisubiri siku wanawake wamejaa uani kwetu wanakuna nazi za maulidi. Akamwambia mama, "Wifi, ukoo wetu hauna mtoto wa macho ya manjano. Hayo umetoka nayo kwenu Kiranjeranje."

Nikajikaza. "Shangazi, inatoka kwa wote wawili."

"Haya, dokta wetu kasema. Na baba yako umempima kwa jicho?"

Walicheka. Mmoja aliinuka kwenye mbuzi yake ya kukunia ili acheke vizuri. Mama aliendelea kukuna mpaka akajikata kidole.

Haukupita mwezi baba akampa mama talaka. Shangazi alisimama mlangoni akamwambia, "Mchukue na mgonjwa wako." Sasa Sadi yuko Kiranjeranje, mbali na kliniki yake, na maumivu yakimshika mama anasimama barabarani kuomba lifti.

Sasa shangazi anamwoza binti yake, Mwanaidi, kwa kaka yangu, mtoto wa baba kwa mke wa kwanza. Kapanga mwenyewe. Anatangaza kwamba anataka damu safi ibaki ndani ya ukoo.

Wiki iliyopita Mwanaidi aliniletea karatasi ya vipimo alivyofanya ili ajiunge na chuo. "Mdogo wangu, wewe umesoma baiolojia. Hii AS ndiyo nini?"

Nilimkumbuka mama pale mlangoni na mfuko wake wa nguo. Nikamjibu, "Haina maana, dada. Ni kundi la damu tu." Akanishukuru, akanipa kashata.

Baba S anayo, la sivyo Sadi asingekuwa SS. Kama kaka naye ameirithi, kila mimba yao itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama Sadi. Sijui kama anayo. Hajapima, na humu ndani hakuna wa kumwambia apime isipokuwa mimi.

Nasema ukweli, nilitaka kunyamaza. Nilitaka shangazi ampakate mjukuu wa macho ya manjano, nione atamfukuza nani. Hamu hiyo bado ninayo. Lakini Mwanaidi hakucheka siku ile, na siku mama anaondoka ndiye aliyembeba Sadi mpaka kwenye gari.

Ndoa ni Ijumaa. Shangazi kaniita nikakune nazi za harusi pamoja na wanawake walewale. Nikisema pale, ataonja alichomwonjesha mama, ila Mwanaidi ataaibika pamoja naye. Nikimwambia Mwanaidi pembeni, kaka ataenda kupima kimyakimya, na shangazi atabaki na heshima ambayo mama hakuachiwa.

Msiniambie nisamehe, hilo sijauliza. Nishaurini tu niseme pembeni au niseme uani, na mnijibu mapema. Nazi zinakunwa Alhamisi.