Ua Nililolibatiza Mwenyewe

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa hasira kwa sababu hasira ndiyo niliyo nayo. Sabato iliyopita nilikukuta kwenye uwanja wa kanisa umeelekeza simu kwenye ule mti wenye maua yanayoning'inia kama tarumbeta. Simu ikakupa jina, nawe papo hapo ukawaandikia akina mama kwenye grupu kwamba ni dawa ya kifua. Nilipokuuliza nani amekwambia, ulicheka. "Babu, simu haidanganyi." Basi kaa hapo unisikilize. Mimi nilidanganya kabla simu yako haijatengenezwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, wa kwanza katika boma letu pale Manga. Watu wazima waliniletea barua niwasomee, nami nikaanza kuamini kwamba anayeweza kusoma barua anaweza kusoma kila kitu. Siku moja nilikwenda Keroka nikauona mti huo mbele ya nyumba moja ya mawe. Ulinizidi urefu kidogo, majani mapana, na maua makubwa ya rangi ya maziwa yameinama yote, midomo ikitazama chini. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Mfanyakazi wa pale akanikatia kitawi. Nikamwuliza mti huo unaitwaje, akasema hajui, ila ng'ombe wa pale hawaugusi kabisa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, mwanangu. Mnyama akiukataa mti, amekwisha kukuambia jambo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliona uzuri tu.

Nilikipanda kitawi nyumbani, kikashika upesi, kama vinavyoshika vitu vyote kwenye udongo wetu. Mwaka wa pili mti ulichanua kando ya njia, na kila aliyepita alisimama na kuuliza, "Huu nao ni mti gani?" Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijui. Lakini msomi mzima angesemaje hivyo mbele ya watu? Nikaubatiza. Nikasema ni tarumbeta ya wazungu, na kwamba hospitalini huutumia kutengeneza dawa ya kifua. Niliwahi kusikia wazee wakisema kitu kama hicho juu ya mmea mwingine, ule wa porini wenye matunda ya miiba, ambao maua yake hutazama juu. Nikaona yanafanana. Kufanana tu kulinitosha.

Mama mdogo Nyaboke, mke wa ndugu ya baba yangu, alikuwa na pumu. Hakuniuliza mara mbili. Aulize nini, na mtoto wake ameshasoma? Asubuhi moja kabla ya kwenda kuchuma chai alichemsha maua yale akanywa. Kabla ya saa sita watoto wake walikuja mbio kutuita. Nilimkuta sakafuni, mwili unawaka, midomo imekauka, mboni za macho zimepanuka mpaka macho yote yakawa meusi. Mikono yake ilikuwa inachuma. Hakukuwa na chai mle ndani, mwanangu. Alichuma hewa na kuitupa nyuma ya bega, penye kikapu ambacho hakikuwapo. Binti yake mkubwa akamshika, naye akamtazama usoni akamwuliza kwa upole, "Wewe ni wa nani?"

Walimbeba hadi hospitalini. Daktari aliuliza amekula nini, amekunywa nini. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa nimeiona sufuria jikoni kwake, nimeyaona maua yamelala ndani yake, na nikanyamaza. Niliogopa aibu.

Na kimya changu hakikukaa bure. Wanaume niliorudi nao nyumbani walianza kunong'ona kwamba amerogwa. Kufika alasiri jina lilikuwa limepatikana: Bosibori, mjane aliyekaa peke yake kwenye mteremko chini ya kisima, ambaye wiki ile alikuwa amegombana na Nyaboke juu ya mpaka wa shamba. Unajua kwetu jina kama hilo likitajwa mchana, kitakachofuata si maneno. Nililisikia. Bado nikanyamaza.

Nyanya yangu ndiye aliyeingia jikoni kwa Nyaboke. Alitoka na sufuria mkononi akaja moja kwa moja hadi niliposimama na wanaume wale. Akaniinamishia nione ndani.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mti wangu, nyanya."

"Nani alimwambia ni dawa?"

Nikasema ni mimi. Akauliza nilijuaje. Nikasema sikujua.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alisema kwa sauti waliyoisikia wote, "Kutojua si kosa, hata mimi sijui mengi. Lakini umejifanya unajua, mwanamke amelala kama maiti. Halafu ukaficha, na sasa mwingine atachomewa nyumba kwa ajili ya uso wako huo unaouonea haya. Toka mbele yangu, ukimbie kwa daktari."

Nilikimbia. Daktari aliponisikia alinitukana, kisha akamtibu akijua anachotibu. Siku ya tatu Nyaboke aliwatambua watoto wake. Niliung'oa mti ule na mizizi yake yote. Lakini siku ile ile, nilipotoka hospitalini kwenda kwa Bosibori, vijana walikuwa wameshafika kabla yangu. Nyumba haikuchomwa, lakini migomba yake ilikuwa imekatwa yote, na yeye amekimbilia kwa kaka yake kule Kenyenya. Nilimfuata huko kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema amesamehe. Manga hakurudi tena. Alizikwa kule, kwenye shamba lisilo lake.

Ndiyo maana nimekasirika, na sitakuomba msamaha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Usikipe jina kitu usichokijua. Ukipewa jina na simu, au na mtu, au na moyo wako mwenyewe, mpelekee anayejua kabla hujampelekea mgonjwa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, sema kwa jina lako, kabla kosa lako halijavalishwa mtu asiye na mtetezi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha kosa humuumbua jirani. Ukitoka hapa uwaandikie wale akina mama kwamba hukujua. Andika "sijui" kwa herufi zote.

Haya, inua uso. Mungu akupe ulimi mzito wa kusema usichokijua na mwepesi wa kukiri ulichokosea. Boma lako lisikose maji wala watoto, na jirani yako apate usingizi kwa sababu wewe upo.