Salamu za Mke wa Mheshimiwa

Fundi cherehani waliyembandika jina la Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata msibani, siku hiyo aliamka na hasira, na wateja wakamzidishia.

Mheshimiwa kaangushwa madarakani. Nusu ya mji inashangilia, nusu inalia. Na wale mabibi waliokuwa wakishona sare za kwenda sebuleni kwa mkewe, wakigombania kukaa naye kochi moja, sasa wanamletea fundi nguo zilezile. "Badilisha kola. Toa vifungo hivi. Mtu asiitambue." Wanafiki wakubwa! Bi Futi akawa anafumua mishono kwa wembe, mdomo kaufumba, maana angeufungua wateja wangekwisha.

Yeye alikuwa na lake. Huyo mke wa Mheshimiwa walikaa dawati moja shuleni. Ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza. Mama yake Bi Futi alipofariki, rafiki huyo alilala naye mkekani mpaka matanga yakaisha. Lakini walimu walipogoma, watu wa Mheshimiwa walimchukua kaka yake Bi Futi, mwalimu wa hesabu, wakamrudisha na mkono wa kulia usioweza kushika hata kijiko. Bi Futi akakimbilia kwa rafiki yake. Alipewa glasi ya juisi, akaambiwa, "Mwenzangu, mambo ya mume wangu mimi siyaingilii." Hakukanyaga tena pale.

Mchana huo pazia la mlangoni likasogea. Mke wa Mheshimiwa mwenyewe, bila dereva, mtandio kaushusha mpaka kwenye nyusi. Mabibi waliokuwa kwenye benchi wakainamia simu zao kwa pamoja.

"Hamjambo humu? Watoto hawajambo? Mkubwa kamaliza shule? Shangazi na miguu yake je? Na yule jirani yenu mkorofi?"

Aliuliza nyumba nzima. Bi Futi akajibu moja moja, huku akingoja. Hata jirani kaulizwa! Kaka hakuulizwa, naye anaishi nyumba hiyohiyo, na ndiye aliyewafundisha hesabu watoto wa mama huyu.

"Kesho atakuja kwako mwandishi wa gazeti," mgeni akasema kwa sauti ya chini. "Wote wamenikimbia. Wewe ndiye unayenijua. Mwambie mimi si mtu mbaya."

"Nitamwambia habari ya cherehani. Nitamwambia ulivyolala na mimi msibani. Hayo ni kweli tupu."

"Ahsante, mwenzangu." Akashusha pumzi, akainuka. "Haya, nisalimie wote nyumbani."

"Wote akina nani?"

"Si wote tu."

"Wataje."

Akacheka, akidhani ni utani wao wa zamani. "Watoto. Shangazi."

"Na nani?"

Kicheko kikakatika. Kwenye benchi hakuna aliyetazama simu tena. Midomo ya mgeni ikafunguka, jina likawa pale pale ulimini, Bi Futi akaliona kabisa, kisha likamezwa.

"Usinifanyie hivi mbele za watu," akasema.

"Basi mwandishi nitamweleza yote, na la mkono wa kaka yangu pia. Akiniuliza kama ulikuwa hujui, nitamwambia ulijua. Asiyejua angemuulizia naye hali, kama ulivyowaulizia wengine wote."